Komeo la Shaba

"Karibu kwako, mama kijacho!" Mumewe alimfungua kitambaa alichomfunga machoni tangu garini.

Mkewe aliona dari lililo juu sana, lenye maua ya plasta. Aliona vigae vyeusi na vyeupe alivyokuwa akivipiga deki utotoni.

"Nilimwambia fundi vitu vya kale asiviguse," mumewe alisema, akimvuta mkono kwa furaha. "Njoo uone chumba cha mtoto."

Kilikuwa kile kile cha mwisho wa ukumbi, kisicho na dirisha.

Mumewe alijua tu kwamba mkewe alilelewa na shangazi hapa mjini. Mengine hakuwahi kumwambia. Shangazi alishakufa, lakini aibu ilikuwa bado hai.

Mkewe aliingia. Nyuma ya mlango, chini kabisa, mbao zilikuwa na mikwaruzo ya kucha. Fundi alikuwa ameipaka vanishi, ikang'aa. Alichuchumaa akaigusa. Kidole chake sasa kilikuwa kinene, hakikuenea tena humo.

"Na komeo hili la shaba! Siku hizi hulipati hata kwa dawa," mumewe alisema akiwa nje. "Hebu sikia linavyolia."

Akausukuma mlango, akalifunga komeo.

Giza likaingia. Mumewe akacheka, akagonga kwa mzaha. "Hodi! Mwenye nyumba yupo?"

Mkewe alifungua kinywa amwambie afungue. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya mtoto, na ilikwenda mbio kama ya mtu aliyekariri.

"Nisamehe shangazi. Sirudii tena. Nisamehe shangazi. Sirudii."

Nje, kicheko kikakatika.