Dawa ya Damu

Rosette alikuwa ameinua mguu apande pikipiki kukimbilia hospitali, binti yake mdogo alipocheka kifuani pake.

Asubuhi hiyo alimkuta ana ulimi mwekundu, ameketi na pakiti tupu ya vidonge vya kuongeza damu, vitamu kwa nje kama bonboni. Vidonge hivyo ndivyo vilivyomwinua Rosette kitandani baada ya kujifungua. Siku hizi alikuwa akipandisha bidoni ya maji kutoka ziwani bila kizunguzungu. Muuguzi aliyempa alikuwa amemwonya kwamba kwa mtoto ni sumu. Na kweli, mtoto alitapika mpaka akalegea. Sasa alikuwa anacheka, anaomba ugali.

"Shuka, mama!" jirani akamdhihaki. "Vitamini inauwaka mutu? Wapi uliona maiti inaomba bugali?"

"Panda, mama," mwenye pikipiki akasema. "Mutoto wa dada yangu alimeza ile ile. Alitapika, akacheka. Mangaribi tukamulilia."

Rosette akautazama ule ulimi. Hakuwahi kutamani kumwamini mtu kama alivyotamani kumwamini jirani yake. Akashusha mguu juu ya mawe meusi.

"Enda, papa. Amepona."

Mwenye pikipiki hakuenda. Hata injini hakuizima.