Mkono wa Kushoto wa Nsimire

Taa za mji mzima ziliwaka kwa mara ya kwanza tangu vita viishe, na aliyeziwasha ni Nsimire, ambaye hakumaliza hata darasa la tatu. Mama yake alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Vijana wote walionyimwa shule na vita walikuwa wakipandikizwa vichwani ujuzi wa marehemu, kisha wakiajiriwa.

Ila nyumbani, Nsimire alianza kusonga ugali kwa mkono wa kushoto.

Hodi ikapigwa. Mwanamke kutoka ng'ambo ya mto, kwa wale waliokuwa maadui, aliingia na kuku.

“Fundi umeme aliyemwachia ujuzi ni mwanangu,” alimwambia mama yake Nsimire, akiutazama ule mkono wa kushoto. “Nimekuja kumpongeza.”

“Mama, nipe sahani,” Nsimire alisema bila kugeuka.

Wakaitika wanawake wote wawili.