Mwanamke Anayeanika Shuka

"Juisi kidogo, mwanangu?" Mama Picha aliuliza tena.

"Nashukuru, mama. Niache kwanza nikague," alisema mtaalamu, akitoa kioo cha kukuzia mfukoni.

Jumba la makumbusho lilikuwa limemleta kuhakiki picha kabla ya kuwafungulia watu milango. Picha zote ukumbini zilikuwa mali ya mumewe Mama Picha, mzee aliyemaliza ujana wake akikusanya picha za bustani zenye ukungu, madaraja, na nyuso zenye macho mawili upande mmoja. Kwa bahati mbaya ukaguzi ulianzia mlangoni, na mlangoni palitundikwa Mwanamke Anayeanika Shuka.

Mama Picha alijua kuwa picha ile ni feki. Zamani, mama yake mzazi alipohitaji upasuaji, mumewe alikuwa ameshaapa kwamba hakuna picha itakayouzwa akiwa hai. Basi Mama Picha akaiuza kwa siri, na mdogo wake, ambaye ni mchoraji, akamchorea nyingine iliyofanana nayo kama pacha. Mzee akaendelea kuipangusa vumbi kila Ijumaa, huku akiisifia. Leo Mama Picha angeumbuka mbele ya walinzi wa jumba, na ndoa iishie hapohapo.

Hata huyo mdogo wake hakutokea kumtia moyo. Alisema kazi zimemzidi. Siku hizi hana nafasi hata ya kunyoa ndevu.

"Kijana ameshachoka, twendeni tukale kwanza," mumewe alidakia, akijifuta jasho. Mama Picha alimshukuru kimoyomoyo. Maskini mzee wa watu, hajui anamwokoa nani.

Mtaalamu hakusikia la mtu. Aliinama, akaimulika shuka kwa tochi, akaikagua pindo kwa pindo. Mama Picha alishindwa kuvumilia. Akamshika mumewe mkono.

"Nisamehe," alinong'ona. "Hiyo niliiuza. Mama alikuwa anakufa."

"Halisi kabisa," alisema mtaalamu. "Hongera, mzee."

Mama Picha aliitazama picha upya. Mumewe hakugeuka.

"Niliiona dukani mwezi uleule," alisema kwa sauti ya chini. "Nikaikomboa, nikairudisha mahali pake. Ndiyo picha ya kwanza niliyonunua, na wewe ulikuwa umesimama pembeni yangu. Ningeiachaje?"

Machozi yalimlengalenga Mama Picha. Kumbe alipendwa kiasi hiki, naye miaka yote ameishi kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Na mwenye duka alikubali kirahisi?"

"Alinikamua mpaka tone la mwisho." Mtaalamu alikuwa ameshahamia picha ya pili. "Mke wangu, utalia baadaye. Mkimbizie hiyo juisi. Hizo nyingine zote kachora mdogo wako."