Spika ya Mama Mkwe

Kwa mara ya saba maneno yake yalirudi kutoka kwenye kompyuta kana kwamba yamesemewa ndani ya pipa. Wakili wake alimtaka ajirekodi kwa sauti safi, akieleza jinsi mumewe alivyomvunja mkono. Alishatundika blanketi dirishani na kuegemeza godoro ukutani kwa mkono wake mmoja mzima, lakini wapi.

Ndipo akagundua kuwa kila alichosema kilikuwa kikitokea kwenye spika isiyo na waya ya chumba cha pili, iliyojiunga na kompyuta yake.

Akaupiga mlango teke. Mama mkwe amekaa kitandani, spika mapajani, taa yake ndogo ya buluu ikimulika vidole vyake.

"Umesikia yote?" akafoka.

"Mara saba. Ya kwanza ulisema nilikuwepo alipokuvunja, na nikanyamaza. Hizi nyingine, hilo umelitoa." Akaizima spika. "Kalirudishe, mwanangu."