Fisimaji na Ziwa la Jirani

Kaskazini ya mbali, ambako barafu hulala chini ya ardhi mwaka mzima, Fisimaji alikuwa na kidimbwi chenye maji baridi na samaki wanono. Kila kiangazi alifunika kingo zake kwa nyasi, kama wenyeji wote, ili jua lisiifikie barafu ambayo ndiyo iliyokuwa sakafu ya kidimbwi.

Kilichomnyima usingizi ni jirani yake, Bata Bukini. Joto lilikuwa limezidi, na kidimbwi cha Bata kikapanuka hadi watu wakakiita ziwa.

"Umefanyaje, jirani?" Fisimaji akamuuliza.

"Sikufanya kitu. Kingo zinabomoka zenyewe," Bata akajibu kwa unyonge.

Fisimaji akaona anafichwa siri. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," akanung'unika. Mwogeleaji ni yeye, na ziwa kapewa mwingine!

Akarudi kwake akang'oa nyasi zote. Jua likapenya, kingo zikaporomoka, kidimbwi kikatanuka. Fisimaji akawa anaogelea huku na huko, akihakikisha Bata anamwona.

Asubuhi moja akaamka tumbo likiwa juu ya matope. Sakafu ilikuwa imeyeyuka, na maji yote yamezama ardhini.

Hapo Bata Bukini akatokea na vifaranga wake.

"Jirani, maji ya ziwa langu yameoza kwa joto, wanangu hawana cha kula. Siku zote nilikuonea wivu kwa kidimbwi chako cha maji baridi. Nimekuja kukuomba utupe pembe moja tu."

Fisimaji akatazama matope, asijue amkaribishe wapi.