Maji Safi

Mtafiti alimgusa konokono wa kwanza kwa njiti, akingoja afunge mlango wake, kile kifuniko chembamba kama ukucha wa mtoto. Hakufunga. Akamgusa wa pili. Akawagusa wote; hakuna aliyefunga.

Maji ya tangi yaling'aa. Asubuhi alipotoka yalikuwa ya kijani, mazito kwa mwani. Akachota kiganjani, akanusa: dawa ya maji ya bomba.

"Mama, umewabadilishia maji?"

"Ee, mwanangu. Yale yalikuwa yanatia kinyaa. Nao ni viumbe, nikawapa maji safi." Mama alikuwa bado ameshika sifongo, uso umechanua. "Watazame, wamelala usingizi wa pono."

Mtafiti alikuwa amewaleta konokono hao nyumbani maabara ilipofungwa. Kijito chao, mahali pekee duniani walipoishi, sasa kilikuwa chini ya bwawa. Hapakuwa na pa kurudi kuokota hata mmoja.

Akaviona vidole vya mama, vimekunjamana kwa kusugua vioo kutwa nzima.

"Asante, Mama."

"Asante ya nini? Kesho nawabadilishia tena," mama akasema, akakamua sifongo.