Redio ya Marehemu

Asubuhi aliyokufa Kitwana, mkewe Mwanakheri aliizima redio yake pale dukani kwao, na hakuiwasha tena.

Sasa sheria inamtaka kila muuza vifaa vya umeme alipie ada ya urejelezaji wa taka, na vifaa vibovu vinachukuliwa. Mkaguzi aliyekuja dukani aliinyanyua ile redio.

"Na hii, mama?"

"Hiyo siuzi, baba. Ni ya marehemu."

"Marehemu hasikilizi taarifa. Inafanya kazi?"

"Inafanya," alijibu, ingawa hakujua.

"Basi iwashe tusikie. Ikinyamaza, inapanda lori."

Nje wapakiaji walikuwa wakirusha feni na pasi mbovu juu ya lori, zikivunjika. Mwanakheri alichomeka waya ukutani.

Kidole chake kiko juu ya swichi, na mkaguzi ametega sikio.